Miraba Myeusi Bustanini

Baba alipotoka kwa daktari wa macho alikwenda moja kwa moja nyumbani, akakalia kiti chake cha zamani kando ya cherehani, akapapasa meza kana kwamba anatafuta chaki. Kisha akasema anataka kitu kimoja tu: aione bustani ya mama kabla dirisha la macho yake halijafungwa.

Hakuna aliyeuliza bustani gani. Nyumba yenyewe haikuwa na hata kopo la maua. Mlango wa mbele ulifunguka barabarani, wa nyuma ulifungukia ukuta wa jirani. Bustani ya mama ilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta. Marehemu alikuwa mshonaji kama mumewe, na kila kazi ilipokwisha, cherehani zikishafunikwa, aliwasha kile kifaa cha michezo ambacho mwanawe alishachoka nacho, akaingia katika kiwanja kidogo chenye uzio mweupe, akapanda, akamwagilia, akapalilia. Baba alikaa ubavuni akishona vifungo na kutoa ushauri ambao hakuombwa. Mama alipofariki kifaa kilifunikwa kitambaa, na tangu hapo hakuna aliyekigusa.

Sasa daktari kasema presha ya macho imekula mishipa yake. Kilicholiwa hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani. Dawa ya matone ni ya kuchelewesha tu.

“Bustani utaiona, Baba,” akasema kijana wa nyumba, mbele ya dada yake na mbele ya shangazi aliyekuja kutoa pole. “Hiyo niachieni mimi.”

Mtaani walimwita Injinia. Jina alipewa kwa dhihaka utotoni, siku alipofungua redio ya shangazi akaifunga tena, ikabaki na skrubu za ziada na kimya cha milele. Lakini yeye alilivaa jina hilo kama koti la kupimiwa, akatembea nalo kifua mbele mpaka walioanza kucheka wakachoka kucheka. Shangazi, mwenye redio, alimtazama kuanzia juu hadi chini, akasema tu, “Haya, baba.”

Injinia alifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, lakini kazi aliyojivunia ilikuwa ya nyumbani. Alikuwa na kompyuta kuukuu, masalia ya ofisi fulani, nayo aliitilia mfumo wa Linux kwa mikono yake, na mtu akikaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai lazima asikie habari hiyo. Alikuwa akisema wenzake wamepanga vyumba ndani ya kompyuta zao. Yeye kajenga nyumba.

Kile kifaa cha mama alikiwasha siku ileile. Taa ikawaka, diski ikazunguka, ikakwaruza, basi. Jicho la kusomea diski lilikuwa limekufa.

“Nalo limeshikwa na macho?” baba akauliza alipoelezwa. Dada akacheka peke yake.

Ila bustani haikuwa ndani ya diski. Diski ni mchezo. Alichopanda mama kilitunzwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, bapa kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha. Injinia akaichukua kadi hiyo akaipeleka kwa rafiki yake fundi wa simu, aliyeitwa Kiredio kwa kuwa hajui kunyamaza. Kiredio alikuwa na kifaa cha kusomea kadi za namna ile. Akalitoa faili la mama, akampa Injinia kwenye flashi, akauliza kama amhifadhie kadi yenyewe.

“Ya nini?”

“Ya akiba. Nakala moja si nakala, bwana.”

“Mimi nikishika kitu, kimeshikika. Ifute, mpe mwenye shida nayo.”

Kiredio akainua mabega, akaifuta palepale. Wiki haikwisha kabla kadi ile haijapata mwenyewe mwingine, mtoto wa watu aliyetaka kuhifadhi magoli yake.

Programu inayoigiza kifaa cha michezo ndani ya kompyuta, ikausoma mchezo kutoka kwenye diski ileile, huitwa emuleta. Hii ya Injinia haikuchora yenyewe. Ilihesabu mchezo tu, kisha kazi ya kuchora ikakabidhiwa kipande kingine kinachochomekwa humo, plagini ya picha. Zipo plagini nyingi, kila moja na mipangilio yake, na hakuna iliyo nzuri kwa michezo yote. Dada alipouliza, Injinia alimweleza kwa lugha ya chumba chao: emuleta ni cherehani, plagini ni sindano. Sindano ya jinzi ukiitia kwenye hariri, utalia.

“Kwa hiyo unatafuta sindano,” dada akasema, macho kwenye pindo la sketi.

“Natafuta sindano.”

“Haya. Usijichome.”

Alilifungua faili la mama kwa mara ya kwanza Jumamosi mchana, cherehani ya dada ikinguruma chumba cha mbele. Muziki ukaanza, ule wa filimbi na vikengele, na baba akaja akipapasa ukuta bila kuitwa. Lango jeupe likafunguka. Pembeni mwa kioo alama ndogo ya kadi ikazunguka kidogo, ikatoweka. Uzio ulikuwepo, anga ilikuwepo, njia ya kokoto ilikuwepo. Lakini pale yalipotakiwa kuwa maua, kila tuta lilikuwa na doa jeusi, mraba baada ya mraba, kama nguo iliyounguzwa na pasi.

Injinia aliyakumbuka maua yale. Yeye hakuwahi kuucheza mchezo huo. Aliuita mchezo wa kulea, akapita nyuma ya kiti cha mama yake akienda kwenye mambo yake makubwa. Lakini hata kwa kupita tu alikuwa ameona mekundu na ya manjano yanayowaka hadi ukutani. Meusi hayakuwemo. Basi kosa ni la picha, na kosa la picha lina dawa.

“Bado, Baba,” akasema. “Ni plagini tu.”

Baba alisimama akisikiliza muziki, kichwa kimeinama upande mmoja. “Sauti ni yenyewe,” akasema, kisha akarudi alikotoka.

Ndipo Injinia akaingia vitani. Akazima ulainishaji wa picha, akauwasha tena. Akabadili namna ya kuchanganya mwanga na kivuli. Akaweka alama kwenye marekebisho ya michezo mikorofi, moja moja, kisha yote kwa pamoja, uzio ukapaa angani. Plagini nyingine ilichora anga safi na kuikata ardhi vipande kama mkeka uliotafunwa na panya. Nyingine ilibidi aijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, nayo ilikuwa kama mgeni asiyekuja peke yake: akiipa maktaba ya programu iliyoitaka, maktaba ile nayo inamdai nduguye, na nduguye ana shemeji. Ilipokubali kufunguka ilionyesha kioo kitupu, ikajifunga bila kuaga. Na kila alipobadilisha kitu alilifungua tena faili la mama, lango likafunguka, alama ya kadi ikazunguka, miraba myeusi ikampokea.

Baba alikuja kila aliposikia filimbi. Injinia aliamini kwamba asiyeona vizuri huhitaji kikubwa, kwa hiyo akaitanua picha mpaka ikajaza kioo chote, akamsogezea mzee kiti karibu. Baba alikaa kidogo, kisha akakisukuma kiti nyuma. Injinia akaikuza picha zaidi, njia ya kokoto ikawa pana kama barabara ya magari. Baba akasukuma tena, mpaka mgongo wa kiti ukagonga mlango. Kijana akadhani mzee anakata tamaa, na dhana hiyo ikamuuma kuliko miraba. Hakumuuliza. Kuuliza, kwake, ilikuwa kazi ya wasiojua.

Nje ya nyumba mambo hayakumwacha. Shangazi alipita na kuuliza, kwa sauti ya upole inayochoma, kama bustani imeshachanua. Kiredio alimtumia ujumbe kwamba kuna watu hulima shamba la kweli kwa muda mfupi kuliko huo. Kazini mashine ya kutoa nakala ikala karatasi za mteja, akaivuta mikunjo kwa hasira hadi mwenye duka akamwambia mashine haina ubaya naye. Siku hiyo akashusha kiburi kwa kiasi cha nusu ngazi. Akachukua picha ya kioo chenye miraba, akaiweka kwenye jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa emuleta, akaandika: ni mpangilio upi unaoondoa weusi huu?

Akajibiwa na mtu asiyemjua. Mtu huyo alisema haoni kosa. Picha imechorwa sawasawa, isipokuwa imelainishwa na kukuzwa kupita kiasi. Akashauri ijaribiwe ile plagini ya kawaida kabisa, isiyotegemea kadi ya picha ya kompyuta, kwa udogo wake wa asili, na kitazamwe vizuri kilichomo kwenye matuta.

Damu ikampanda Injinia. Haoni kosa! Yeye, aliyekwisha kugeuza kila jiwe, anaambiwa atazame vizuri. Akighadhibika alikuwa na mazoea ya kutunga, na mishororo ikamjia yenyewe, akaisoma kwa sauti kabla ya kuituma ili aonje ladha yake:

Asojua na ajue, kimya chake ni hekima;
Kipofu asiamue, rangi gani imezama.

Cherehani ikanyamaza chumba cha mbele. Dada akatokea mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

“Umesema nini hapo? Kipofu asiamue?”

“Ni ushairi, Dada. Namjibu mtu.”

“Baba yuko nyuma ya pazia. Ana masikio mawili mazima, na siku hizi ndiyo anayoyatumia.”

Kutoka nyuma ya pazia baba akakohoa kidogo.

“Vina vimekaa vizuri,” mzee akasema. “Ila huyo mtu umemwonea.”

Akaifuta ile mishororo. Dada hakuondoka. Akachukua mezani kibomba cha plastiki, kile kinachobaki uzi ukishaisha, akamwekea mdogo wake kwenye jicho moja na kumziba jingine kwa kiganja. Akamwambia atazame. Injinia aliona kifungo kimoja cha gauni la dada yake na duara jembamba la kitambaa. Zaidi ya hapo giza.

“Hivyo ndivyo anavyoona,” dada akasema kwa sauti ya chini. “Daktari alitueleza, wewe ulikuwa unaongea. Katikati pamebaki, kando kumekwisha. Hiyo picha yako kubwa, yeye anaona ubao mmoja wa uzio. Ndiyo maana anarudi nyuma.”

“Mbona hakusema?”

“Alisukuma kiti, Injinia. Ulitaka aseme vipi?”

Kesho yake, siku ya mapumziko, alifanya aliyoelekezwa na yule mgeni wa mtandaoni, akijiambia kwamba anayafanya kwa ajili ya macho ya baba, si kwa kukubali kwamba alikosea. Akaiweka plagini ya kawaida. Akafuta kila pambo, akaacha picha katika udogo wake wa asili, dirisha la ukubwa wa kiganja katikati ya kioo cheusi. Hakulifungua faili kwanza. Safari hii alitaka baba awe wa kwanza kuona. Akamwita, akamwachia achague mwenyewe pa kuweka kiti. Baba akakisogeza mbele, nyuma, mbele kidogo, kama anayetafuta masafa ya redio, akatulia. Dada akaacha mkono mmoja wa blauzi ukining’inia kwenye cherehani, akaja kusimama nyuma yao.

Filimbi. Lango. Alama ya kadi ikazunguka, ikatoweka.

Picha ilikuwa safi. Haikuwa nzuri, ilikuwa na chembe kama mchanga, lakini kila chembe ilikuwa mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze Injinia aliona kila kitu kama kilivyokuwa kwenye kifaa cha mama. Akainama karibu. Kwenye matuta hakukuwa na miraba. Kulikuwa na vikonyo. Vikonyo vikavu vilivyosimama safu kwa safu, vichwa vimeinama, majani yamejikunja, na magugu yametambaa hadi juu ya kokoto. Plagini zile nyingine zilikuwa zimevilainisha vikawa madoa. Hii haikulainisha chochote.

Baba alikuwa anageuza kichwa polepole, akitafuta kwa ule uwazi wake mdogo, tuta moja baada ya jingine.

“Peleka kulia,” akasema. Injinia akapeleka. “Tena. Hapo simama. Hapo palikuwa na yale mekundu.” Akageuza kichwa hadi tuta la pili. “Mbona yamekauka?”

“Ni plagini, Baba…” Hakuna plagini inayokosea kikonyo kimoja kimoja, kwa subira ile, na jani lake.

“Uliweka tarehe gani?” baba akauliza.

“Tarehe?”

“Kwani haikukuuliza tarehe?”

Basi baba akaeleza, taratibu, kama anayeelekeza mteja namna ya kufua nguo. Kifaa cha mama kilikuwa na betri ya saa iliyokufa zamani. Kila kilipozimwa kilisahau siku, na kila kilipowashwa kiliuliza leo ni tarehe ngapi. Na bustani ile ilikwenda na tarehe: usipoingia, inahesabu siku ulizokosekana, mimea inashikwa na kiu. Siku moja ya mwezi wa sita maua yote ya mama yalichanua kwa pamoja, hata lile la pembeni lililomsumbua. Alifurahi mno, na kesho yake alipoulizwa tarehe akajibu ileile ya jana. Bustani ikamwamini. Tangu hapo hakuibadilisha tena. Hata alipoanza kulazwa hospitali na kurudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, alijaza tarehe ileile, akayakuta maua yanamngoja kana kwamba alitoka kidogo kwenda dukani. Ulikuwa utani wao. Mama angeuliza, mume wangu, leo tarehe ngapi, na baba, sindano mkononi, angejibu hiyohiyo, bila kuinua macho.

Emuleta haikuuliza. Ilitazama saa ya kompyuta, saa sahihi, ambayo Injinia alikuwa ameiunganisha na mtandao isipotee hata nukta. Ikahesabu miaka yote tangu mama afariki, ikaimwaga juu ya matuta kwa mara moja, mchana ule wa kwanza, baba amesimama mlangoni akisikiliza filimbi. Na ile alama ndogo iliyozunguka pembeni ilikuwa mchezo ukiandika hali hiyo ya ukavu kwenye faili, juu ya ile aliyoiacha mama.

“Ingekuuliza,” baba akasema, “nawe ungeniuliza. Ningekwambia.”

Injinia hakusubiri. Akairudisha saa ya kompyuta nyuma, akaweka siku ya mwezi wa sita, akafungua upya. Vikonyo. Akajaribu kutoka na kuingia, akajaribu siku moja kabla. Vikonyo; mchezo ulijua kukausha, haukujua kufufua. Akatafuta lile faili la mwanzo kwenye flashi, lakini flashi alishaisafisha kubebea kazi za wateja. Akampigia Kiredio. Kiredio, ambaye hajui kunyamaza, alinyamaza muda mrefu.

“Uliniambia niifute,” akasema mwishowe. “Yule mtoto kaijaza magoli yake, ndugu yangu. Nisamehe.” Aombe msamaha yeye, aliyeshauri vema. Injinia akakata simu.

“Nitapanda upya, Baba,” akasema. Sauti yake haikuwa ile ya mbele ya shangazi. “Sasa najua inavyokwenda. Nitaisukuma saa mbele, mimea itaota upesi. Wewe niambie nini kilikuwa wapi, nitapanda kila kitu mahali pake.”

“Hiyo itakuwa bustani yako,” baba akasema, bila ubaya.

Dada akaweka mkono begani mwa mzee. Filimbi ilikuwa bado inaimba, nyepesi, ya furaha, kwa kuwa muziki wa mchezo ule haukujua habari ya matuta.

“Zima, mwanangu.”

Injinia hakuzima. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, nao, kwa mazoea, ulikwisha kufungua dirisha la mipangilio. Akashuka nalo kutoka juu hadi chini: ukubwa, rangi, mwanga, kasi, marekebisho. Kila kitu kilikuwa sawa. Hakukuwa na cha kurekebisha.

“Nilikuwa naiona,” baba akasema. “Kabla hujaanza, nikifumba macho nilikuwa naiona yote, mpaka lile la pembeni. Nilitaka tu kuhakikisha.” Akafumba macho, kama anayejaribu kitu, akakaa hivyo. “Sasa nikifumba naona hii.”

Saa ya dawa ilikuwa imefika, na dada, kwa kukosa la kufanya, akaenda kuchukua kichupa. Akamwinua baba kidevu, akamfungua kope kwa kidole chenye alama za sindano. Tone la kwanza likaangukia shavuni. Akalifuta kwa ncha ya utepe wa kupimia, akatia jingine.